Kifungo Hakukaa, Mbona Anafukuzwa?

Mama mmoja wa jumuiya yetu alinijia ofisini akilia. Kijana wake ameishi Amerika miaka kumi na tano, ana grini kadi, analipa kodi. Alishtakiwa kwa wizi dukani, akakubali kosa. Hakimu akampa kifungo cha mwaka mmoja, lakini akakiahirisha. "Hakulala jela hata usiku mmoja," mama akaniambia, "sasa mbona anarudishwa?"

Wazazi wengine wenye watoto huko wanafaa kujua jibu.

Mwaka wa 1996 Marekani ilikaza sheria zake. Zamani hukumu ya wizi ilihesabiwa kuwa kosa zito, kwa mambo ya uhamiaji, ikiwa kifungo ni miaka mitano au zaidi. Sheria mpya ikateremsha hadi mwaka mmoja, na mwaka huo huhesabiwa hata ukiahirishwa. Mwenye grini kadi akipatikana na kosa la namna hiyo, hakimu wa uhamiaji karibu hana nafasi ya kumhurumia. Akishafukuzwa, hawezi kurudi maisha yake yote bila ruhusa maalum.

Wengi huuliza, je, si hiyo ni kuadhibiwa mara mbili? Mimi naona hivyo. Lakini tangu mwaka wa 1893 Mahakama Kuu ya huko husema kufukuzwa si adhabu. Ndiyo maana katika kesi ya uhamiaji serikali haikulipii wakili. Huna pesa, unasimama peke yako.

Kulikuwa na dereva wa lori, Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras. Aliishi Marekani zaidi ya miaka arobaini na kulitumikia jeshi lake wakati wa vita vya Vietnam. Alishikwa na bhangi ndani ya lori. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi, amekaa huko muda mrefu. Basi akakubali kosa, na kumbe kosa hilo lilimfungulia mlango wa kufukuzwa. Mwaka wa 2010 Mahakama Kuu iliamua kwamba wakili ni lazima amwonye mteja wake kuhusu hatari hiyo.

Sisemi wezi waachiliwe. Aliyeibiwa naye ana mama. Lakini mtoto wako akishtakiwa, mwambie asikubali kosa lolote, hata dogo, ati kesi iishe upesi, kabla ya kuuliza wakili anayejua uhamiaji. Siku moja tu inaweza kuleta tofauti: kwa wizi, kifungo cha siku 364 hakifikii ule mwaka. Si kila mara kitamwokoa, lakini wakili akijua mapema ana la kuombea.

Halafu kuna uraia. Raia wa Marekani hafukuzwi kwa sababu ya wizi. Mwenye grini kadi kwa kawaida anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano. Zamani Mkenya aliogopa, kwani angepoteza uraia wa kwao. Tangu Katiba ya 2010, aliyezaliwa Mkenya hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine.

Nilipomweleza mama hayo alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Alitaka kuuomba. Mimi ndiye nilimkataza, nikidhani atanyimwa shamba la babake."