Baba Baina ya Amana ya Kazi na Haki ya Familia

Mwalimu amepangiwa shule Shishiyu, mkoani Simiyu, na mkewe na watoto wako Tanga. Anapata habari kuwa mwanawe ni mgonjwa sana, na shuleni mitihani imekaribia. Afuate lipi? Wengi hudhani mwenye kushika kazi ndiye mwaminifu, na mwenye kwenda kwa familia ni mzembe. Fiqhi haisemi hivyo.

Tuitazame Badr, mwaka wa 2 Hijria (624). Waislamu walikuwa wachache, kama 313, wakakabiliana na takriban 1,000. Pamoja na hayo, Mtume (S.A.W.) alimbakisha Uthman bin Affan (R.A.) Madina amuuguze mkewe Ruqayya (R.A.), binti yake Mtume. Bibi huyo alifariki katika ugonjwa ule. Na katika mapokezi ya Ibn Umar (R.A.) aliyoyatoa Bukhari, Uthman alipewa ujira na fungu la mtu aliyehudhuria Badr.

Hapa tunapata mafunzo mawili. Kwanza, safari ile wengine waliweza kuitosheleza, ama mgonjwa yule haki yake ilimwelekea mumewe. Basi lisilo na wa kulishika badala yako hutangulia. Na hukumu hugeuka: mganga aliye peke yake zahanatini, mbele yake mama anayejifungua, hamwachi kwa ajili ya mafua ya mtoto aliye na bibi yake nyumbani.

Pili, Uthman hakutoroka. Alibaki kwa amri ya kiongozi. Ajira ni mkataba, na aya ya kwanza ya Suratul Maida imeamrisha mikataba itimizwe. Anayeondoka kimyakimya kisha akapokea mshahara wa siku hizo, amekula kisicho chake. Na aombe ruhusa bila haya: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za malipo mtoto wake anapougua.

Enyi mnaosimamia watu, nanyi mna sehemu yenu. Malik bin Huwayrith (R.A.) na vijana wenzake walikaa kwa Mtume (S.A.W.) nyusiku 20. Alipohisi kuwa wamewatamani watu wao, aliwaamuru warejee kwao wakawafundishe. Hakungoja waombe.

Wallahu a'lam.