Kazi ya mbao ilivyoondoka Elburgon

Tarehe 2 Julai 2023, akihudhuria ibada mjini Molo, Rais William Ruto wa Kenya alitangaza kwamba marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali imeondolewa. Ilikuwa imedumu zaidi ya miaka 5. Elburgon, mwendo mfupi kutoka Molo, habari hiyo haikuhitaji kufafanuliwa. Lakini mwanzoni mwa Agosti, kabla hata magogo ya kwanza hayajazoeleka barabarani, korti ya mazingira ilisimamisha agizo hilo kufuatia kesi iliyowasilishwa na Chama cha Mawakili nchini.

Kufunga na kufungua namna hii ndiyo historia ya ajira Elburgon kwa miaka 25 hivi. Watu wakieleza jinsi mji ulivyodorora, wengine husema miti iliisha, wengine husema mashine zilichukua kazi za watu. Yote mawili yana ukweli kidogo. Ninavyoona mimi, kilichomaliza kazi ni kwamba mti unaochukua miaka 25 hadi 30 kukomaa umekuwa ukiongozwa kwa matangazo ya miezi mitatu. Hakuna ufundi unaoweza kukua katika hali hiyo, na hakuna teknolojia inayoweza kuingia ikawafaa wenyeji.

Elburgon iko kwenye barabara ya kutoka Njoro kwenda Molo, ukingoni mwa msitu wa Mau Mashariki, mahali pa baridi kali na mvua nyingi. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapa, na injini zake za mvuke ziliendeshwa kwa kuni. Nyuma ya reli vikaja vinu vya kupasua mbao. Kwanza vilikula mwerezi na podo za msitu wa asili, baadaye saiprasi na paini zilizopandwa na idara ya misitu. Miche hiyo ilipandwa kwa mtindo wa shamba: familia ilipewa kipande cha msitu uliokatwa, ikalima viazi na mahindi huku ikipalilia miti hadi ilipofunga kivuli. Kampuni ya Timsales ikaweka kiwanda hapa, na kandokando yake vinu vidogo vya watu binafsi. Hadi leo utaona nyumba nyingi za mabanzi mjini na vijijini, yale makombo ya gogo yenye magome ambayo mwenye kinu aliyauza kwa bei rahisi.

Gogo moja lililisha watu wengi. Kulikuwa na wakataji, wa kuburuta magogo, wapakiaji, madereva, wapasuaji, wa kupanga mbao zikauke, wanawake waliouza chai na githeri getini, mama aliyenunua unga wa mbao wa kutandika banda la kuku, na fundi seremala aliyechukua vipande vifupi kwa mkopo. Kazi hizi hazikuwa na mshahara mkubwa. Zilikuwa na mfululizo, na kijana aliyemaliza darasa la nane aliweza kuingia chini na kupanda polepole.

Ngazi hiyo ya kupanda ndiyo iliyovunjika kwanza. Mfano ni fundi wa misumeno. Msumeno wa duara wa kinu si kitu cha kunoa kwa tupa tu. Fundi hupinda jino moja kulia, linalofuata kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho, ili mkato uwe mpana kidogo kuliko bamba lenyewe na msumeno usikwame ndani ya gogo. Akizidisha kupinda, kila mkato unageuza mbao nzuri kuwa unga. Akipunguza, bamba linapata moto, linapindika, na mbao inatoka nene upande huu na nyembamba upande ule. Kisha kuna kazi ya nyundo: bamba hulazwa juu ya fuawe likagongwa taratibu kuzunguka kitovu chake, likaguliwe kwa rula iliyonyooka kuona mwanga unapita wapi, mpaka fundi aridhike kwamba likizunguka kwa kasi litasimama wima. Ujuzi huo haukai kitabuni. Mwanafunzi huupata kwa kusimama kando ya fundi miaka kadhaa, na masikio yake yakajua sauti ya msumeno unaokata vizuri na ya ule unaoteseka.

Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu yake. Kampuni kubwa tatu, Pan Paper ya Webuye, Raiply ya Eldoret na Timsales, ziliruhusiwa kuendelea. Wenye vinu vidogo walifungiwa nje, na kwa wengi wao kufungiwa huko kuliendelea zaidi ya miaka 10. Katika muda huo kijana aliyekuwa ameanza kushika nyundo alikuwa akiendesha bodaboda, au amehamia Nakuru, au anauza viazi kando ya barabara. Marufuku ilipolegezwa, vinu vilivyorudi vilirudi na mashine zilezile za zamani, na mafundi wachache waliobaki walikuwa wamezeeka.

Hapa teknolojia ingeweza kusaidia. Msumeno wa utepe una mkato mwembamba kuliko wa duara, kwa hiyo gogo lilelile hutoa mbao nyingi zaidi na unga kidogo. Kuna mashine za aina hiyo zinazobebwa kwa lori hadi msituni na kuendeshwa na watu wachache. Zingepunguza vibarua, ndiyo, lakini zingepunguza pia idadi ya miti ya kukatwa, na zikifuatana na tanuri la kukausha na kazi ya kutengeneza milango na madirisha papo hapo Elburgon, zingefidia kwa kazi nyingine bora. Ila mashine hununuliwa kwa mkopo, na mkopo hulipwa kwa miaka. Ni benki gani itamkopesha mtu ambaye malighafi yake inaweza kufungiwa kwa tangazo moja la jukwaani? Waliobaki na mashine zinazopoteza mbao nyingi walibaki nazo kwa sababu sera iliwanyima uhakika, kisha sera hiyohiyo ikawalaumu kwa kuharibu msitu.

Tarehe 24 Februari 2018 yakaja mengine. Mito ilikuwa imekauka, hofu ya maji ilikuwa ya kweli, na William Ruto, wakati huo akiwa Naibu Rais, akatangaza marufuku ya siku 90. Jopokazi lililoongozwa na Marion Kamau wa Green Belt Movement lilitoa ripoti Aprili mwaka huo, likaishutumu Huduma ya Misitu ya Kenya yenyewe kwa kushiriki katika uporaji. Siku 90 zikaongezwa, zikaongezwa tena, mpaka zikawa miaka.

Nani alilipwa kwa kupoteza kazi? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi anayepunguzwa alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Inasema pia kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi ana haki ya kuhesabiwa kama mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Lakini katika kazi ya mbao wengi huitwa asubuhi na kulipwa jioni, bila karatasi. Kinu kikinyamaza, mpakiaji wa miaka 12 hana cha kuonyesha. Hakufutwa na mtu, alikosa kuitwa tu. Katika mjadala wote wa marufuku hiyo nimesikia mengi kuhusu hekta na vyanzo vya maji, na machache sana kuhusu watu hawa, ambao kosa lao lilikuwa kubeba kile walichoambiwa kubeba.

Wakati Elburgon imesimama, nchi haikuacha kujenga. Milango ya chuma ikashika mitaa. Paa za majumba makubwa zikaanza kushikiliwa na fremu za chuma. Makabati ya jikoni yakawa ya MDF, zile mbao za kiwandani za nyuzi za miti zilizoshindiliwa kwa gundi. Kenya Power, mnunuzi mkubwa wa nguzo za mikaratusi, ikaanza kuhamia nguzo za zege. Na mbao zenyewe zikaingia kutoka Tanzania, kutoka mashamba ya miti ya Sao Hill huko Mufindi. Mji wa Mafinga ulio karibu na mashamba hayo ulikua katika miaka hiyohiyo Elburgon ilipokuwa ikinywea. Wakulima wadogo wa nyanda za juu kusini walipanda paini na mikaratusi yao wenyewe, na viwanda vya kuchambua magogo kuwa tabaka nyembamba vikafunguliwa. Mafinga ina shida zake, zikiwemo bei za kuwapunja wakulima na miti inayokatwa ikiwa michanga mno. Hata hivyo mtu wa Mafinga aliyepanda mti alikuwa na matumaini ya kuuvuna, na tofauti hiyo inatosha kuhamisha ajira ng'ambo ya mpaka.

Mnunuzi akishahama, ni vigumu kumrudisha. Fundi wa Nakuru aliyezoea kupima na kuchomelea chuma hatarudi kwenye fremu za mbao kwa sababu korti imeamua hivi au vile.

Lazima nizungumzie upande wa msitu, maana mimi si mtetezi wa kukata ovyo. Mau ni chanzo cha mito inayolisha maziwa ya Nakuru, Baringo, Natron na Victoria. Msitu huo umeumia vibaya. Ila jinsi ulivyoumia inajulikana: mwaka 2001 serikali iliidhinisha hekta 35,301 za Mau Mashariki zitolewe kwa makazi, zaidi ya nusu ya msitu huo. Ardhi hiyo iliondoka kwa hatimiliki, na nyingine ikagawiwa kwa hesabu za kisiasa. Waogiek wa Mariashoni, wafugaji nyuki ambao kazi yao msituni ni ya zamani kuliko kinu chochote, walilazimika kwenda hadi Mahakama ya Afrika mjini Arusha, ambayo mnamo 26 Mei 2017 iliamua kwamba Kenya imekiuka haki zao. Kuchanganya msitu wa asili na shamba la saiprasi lililopandwa ili livunwe, kisha kufunga vyote kwa kufuli moja, ni kumwadhibu mpasuaji wa Elburgon kwa dhambi ya mgawaji wa ardhi. Na saiprasi iliyopita umri ikiachwa huoza moyo au huangushwa na upepo, nayo nafasi yake haipandwi kwa wakati.

Haitakuwa haki pia kusahau mapigano ya 1992 na ya baada ya uchaguzi wa 2007, yaliyofukuza watu wengi katika Molo na vitongoji vyake. Mwenye mtaji aliyekimbia usiku hakurudi haraka, na wengine hawakurudi kamwe.

Jirani huko Kericho, mwaka 2023, waandamanaji walichoma mashine za kuchuma majani chai. Wao walikuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole: mashine moja shambani, wachumaji wengi nyumbani. Elburgon hakuna mashine ya kuchoma. Kazi iliondoka kipande kwa kipande, kwa notisi ya serikali, kwa lori kutoka mpakani Namanga, kwa uamuzi wa ununuzi uliofanywa Nairobi. Kwa hiyo hasira hugeukia watu wa karibu: mlinzi wa msitu anayezuia kuni, au jirani wa kabila lingine anayelima pembeni.

Kwa vijana jibu linalotolewa ni kompyuta. Serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, na wako vijana wa miji midogo ya Bonde la Ufa wanaojipatia riziki kwa kuandika, kunakili sauti na kuwekea picha alama za kufunza akili mnemba. Sidharau kazi hiyo. Lakini Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililokuwa likitegemewa na Wakenya wengi, liliwafungia ghafla. Kilikuwa kilekile kilichofungia kinu: uamuzi wa mbali, bila notisi ya maana, bila malipo ya kuachishwa, kwa watu wanaolipwa kwa kipande na wasio na mkataba unaoshikika. Kumtoa kijana msituni na kumpeleka mtandaoni bila kurekebisha hilo ni kumhamisha kutoka mlango mmoja unaofungwa bila taarifa hadi mwingine.

Sheria ya Misitu ya 2016 inataka misitu ya umma iwe na mpango wa usimamizi. Mpango huo ukichapishwa pamoja na hekta zitakazovunwa kila mwaka kwa miaka 10 ijayo, na vinu vidogo vikapewa mikataba ya muda huohuo kwa sharti la kununua mashine zisizopoteza mbao na kuandikisha vibarua wao, mtu wa Elburgon atakuwa na karatasi ya kupeleka benki. Marufuku ya dharura ikihitajika, iwe na mfuko wa kuwalipa wanaosimamishwa, kama ilivyo kwa mwajiri yeyote.

Miche iliyopandwa siku ya mapumziko ya upandaji miti, 13 Novemba 2023, ikiwa ni ya saiprasi, itakuwa tayari karibu na mwaka 2050. Waliojifunza kutengeneza misumeno kabla ya 1999 wamevuka au wanakaribia miaka 50 sasa. Chuo cha Misitu cha Londiani, kilichofunguliwa 1957, hakiko mbali na hapa. Kingeweza kuwaalika wakafundishe kwa muhula, walipwe, na wanafunzi wao wapewe cheti, mradi jambo hilo lifanywe katika miaka hii michache ambayo mikono yao bado ni imara.