Kapteni wa Mwanjelwa: Nyambizi anaiweza, Kitonga je?

MBEYA haina bahari. Hilo halina ubishi. Ukitaka kuona maji ya kumeza meli, itakubidi upande gari hadi Kyela, ukalitazame Ziwa Nyasa. Lakini pale Mwanjelwa, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, yupo mshikaji mmoja ambaye kijiwe kizima kinamwita Kapteni. Kisa? Kila usiku anaendesha nyambizi.

Usishtuke msomaji. Nyambizi yenyewe imo ndani ya kompyuta. Gemu analolihusudu ni Silent Hunter III, lililotoka mwaka 2005, ambalo linakufanya nahodha wa nyambizi ya Kijerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Unachungulia kwa darubini, unapiga hesabu za umbali na mwendo wa meli ya adui, unaachia topido, halafu unazama kimya huku mabomu yakilipuka juu ya kichwa chako.

Hadi hapo hakuna kesi. Kasheshe lilianza Jumamosi moja, Kapteni alipodai kwamba akikabidhiwa nyambizi ya kweli, wiki moja tu inamtosha kuimudu.

"We Kapteni, kuogelea unajua?" mmoja akamchokoza.

"Nahodha haogelei. Anatoa amri," akajibu. Watu hoi.

CHOO KILICHOZAMISHA NYAMBIZI

Tumpe haki yake. Gemu lile limemfundisha hesabu ambazo shuleni alizikimbia, na ramani ya bahari ya Atlantiki anaijua kuliko ramani ya Mbalizi. Ila kuna mambo gemu linakuficha.

Nyambizi za Kijerumani zilizozoeleka zaidi wakati ule zilikuwa na urefu wa mita 67 hivi, na ndani yake walijazana watu zaidi ya 40 kwa wiki kadhaa bila kuoga. Vyoo vilikuwa viwili, lakini mwanzoni mwa safari kimoja kiligeuzwa stoo ya chakula. Piga hesabu mwenyewe! Kwenye gemu, ukichoka kungoja unabonyeza kitufe, saa inakimbia, siku tatu zinakatika kabla hujamaliza chipsi mayai.

Halafu kuna kisa cha nyambizi U-1206. Aprili 1945, karibu na pwani ya Uskoti, choo chake cha kisasa kilichohitaji fundi wa kukifungua na kukifunga kikakorofisha. Maji ya bahari yakaingia, yakafika kwenye betri, gesi ya sumu ikatanda. Nahodha akalazimika kuibuka juu, ndege za adui zikamwona. Nyambizi ikaishia hapo, na baadhi ya mabaharia wakapoteza maisha.

"Kapteni, gemu lako lina kitufe cha choo?" Kimya.

Na hapo hatujagusa lenyewe. Kati ya Wajerumani karibu 40,000 waliotumikia nyambizi katika vita ile, kiasi cha 30,000 hawakurudi. Kapteni wetu amekufa mara mia na zaidi, na kila asubuhi anakunywa chai.

RAFIKI KAGEUKA ADUI

Wala tusiende mbali. Agosti 13, 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza tu, Ziwa Nyasa letu lilishuhudia vita vya meli. Nahodha Mwingereza, Rhoades, aliiongoza meli yake Gwendolen hadi Liuli, upande wa Ruvuma, akaishambulia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa meli ile, Berndt, alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Inasimuliwa kwamba alirukia mtumbwi, akapiga kasia hadi kwa Rhoades, akamuuliza kwa hasira kama amelewa!

Akachukuliwa mateka. Sasa niambie, ni gemu gani linakupa adui uliyekunywa naye juzi?

Kapteni hakukubali kushindwa kirahisi. Akatoa karata yake: Jeshi la Wanamaji la Marekani lenyewe limeweka padi ya Xbox, ile ile ya kuchezea gemu, kuzungusha mtambo wa kuchungulia kwenye nyambizi USS Colorado iliyoanza kazi mwaka 2018. Ni kweli kabisa. Kijiwe kikatikisika.

Lakini hata chombo cha Titan kiliendeshwa kwa padi ya gemu. Juni 2023 kilizama kwenda kuangalia mabaki ya Titanic, kikapasuka, watu wote 5 wakafa. Padi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye chombo chenyewe, ambacho wataalamu walishatoa tahadhari juu yake na mkuu wa kampuni hakutaka kusikia. Naye alikuwamo ndani.

MZEE WA IRINGA

Pembeni alikuwapo mzee mmoja wa Iringa, dereva wa basi la Mbeya na Dar kwa miaka mingi. Alikuwa amefika na "Kamwene!" yake, akaagiza chai, akawa anasikiliza tu. Ndipo akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, mimi nyambizi siijui. Kitonga naijua," akasema. "Mjukuu wangu ana gemu la basi kwenye simu, anashuka mlima huku anatafuna muhogo. Akipindua, anaanza upya. Mimi kabla mteremko haujaanza nishaingiza gia nzito. Ukichelewa, breki zikishika moto hakuna wa kumwomba msamaha."

Watu wakanyamaza.

"Nyuma nina abiria hamsini na kitu. Yuko mama amelala na mtoto, kaniachia roho mbili na jina langu halijui. Bosi anapiga simu, nimechelewa. Vijana kama nyie mnapiga kelele, kanyaga mzee, kanyaga! Kukanyaga kila mtu anaweza. Kazi ni kukataa kukanyaga wakati basi zima linakucheka. Hiyo kitu gemu lako linayo?"

Kapteni akakuna kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na jibu. Baadaye, kwa sauti ya chini, akauliza:

"Mzee, safari ya Dar lini? Nataka nikae nyuma yako nione unavyoshuka."

"Keshokutwa alfajiri," mzee akajibu, akimalizia chai yake. "Njoo. Ila ukisema kanyaga, nakushusha Ilula."