Chumba Ni Nafasi, Si Futi Pekee

Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba neno nyumba likitiwa katika hali ya ukubwa huwa jumba, na katika hali ya udogo huwa chumba. Lugha imekwisha kutuambia, basi, kwamba chumba ni nyumba iliyopunguzwa. Hata hivyo, kwa Wakenya wengi wa mijini, wakiwamo walimu wanaoanza kazi na wanafunzi waliopanga karibu na vyuo, chumba kimoja ndicho nyumba nzima: ndimo mlalwamo, mpikwamo, msomwamo na mpokelewamo wageni. Je, yawezekana kuishi humo pasi na kujihisi umefungiwa?

Naamini yawezekana, wala jibu si la kutafutwa ughaibuni. Majumba ya mawe ya Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, yana vyumba virefu lakini vyembamba. Sababu ni boriti. Dari nzito ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo haziwezi kuhimili uzito huo endapo kuta zitaachana kwa zaidi ya mita 3 hivi. Kwa kuwa upana haukuwezekana, mafundi walitumia busara. Waliinua dari. Walizipiga kuta chokaa nyeupe ili mwanga hafifu kutoka uani usimezwe. Katika chumba cha ndani walijenga safu za zidaka, ambazo Kiswahili sanifu kingeziita vidaka, na humo wakapanga vyombo vya kaure. Jicho likifika kwenye ukuta wa namna hiyo halikomi ghafla, bali huona kina. Na vyombo vimepata makao bila ya kumega sakafu.

Mafunzo ya mafundi hao yangali na manufaa. La kwanza ni mwanga. Rangi nyeupe au iliyofifia huurudisha mwanga, ilhali rangi nzito huumeza na kuzivuta kuta karibu. Kioo kikitundikwa mkabala na dirisha, huongeza mwanga. La pili ni sakafu. Jicho hupima ukubwa wa chumba kwa sakafu linayoiona. Kwa hivyo kitanda na kisukumwe ukutani, kiinuliwe kwa matofali, na masanduku yawekwe chini yake. Vitabu navyo vipandishwe kwenye rafu juu ya usawa wa kichwa. La tatu ni uchache: kisichotumika hakina haki ya kulala nawe.

Tusisahau pia kwamba neno nafasi lina asili ya Kiarabu, na shina lake lahusu pumzi. Asiye na nafasi, kwa maana hiyo, hana pa kupumulia. Si ajabu, basi, kwamba kosa kubwa katika vyumba vyetu ni kuliziba dirisha kwa kabati au pazia zito. Hewa isiyozunguka husaidia kueneza kifua kikuu. Na jiko la makaa likiachwa likiwaka katika chumba kilichofungwa, hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu usingizini. Dirisha lililo wazi hukipanua chumba na huokoa maisha.

Huenda msomaji akauliza iwapo mawaidha haya hayawapi wenye nyumba kisingizio cha kuendelea kugawa vyumba vipande vipande kwa mbao na kodi ikawa ile ile. La hasha! Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao ya kutosha na yenye usafi unaofaa. Mpangaji aliyepanga vyombo vyake kwa busara hajaisamehe haki hiyo. Ustadi wa mnyonge usigeuzwe kuwa ruhusa ya mwenye nguvu.

Lakini mtahiniwa wa mwaka huu hawezi kuahirisha masomo hadi haki hiyo itimie. Anahitaji leo pembe moja yenye mwanga, meza isiyorundikwa vitu, na hewa safi. Walimu wanaofundisha ukubwa na udogo wa nomino na waende hatua moja mbele, wawaambie wanafunzi kwamba udogo wa chumba si lazima uwe udogo wa maisha yanayoishiwa humo. Wahenga walinena: pabaya pako si pema pa mwenzio. Nasi tupatengeneze, huku tukidai palipo bora.