Karo hulipwa na nani? Kipsing na sisi watu wa Pwani

Kila Januari huku kwetu husikia maneno yale yale: somesha mtoto, umaskini utaondoka. Husemwa misikitini, barazani, na wabunge ndio usiseme. Sipingi. Mimi mwenyewe nina diploma na ndiyo inayonilisha. Lakini leo naomba tuyatazame maneno haya tukiwa Kipsing, kaunti ya Isiolo, kwa sababu kule hesabu yake huonekana wazi kuliko huku.

Kipsing iko wadi ya Oldonyiro, nchi kame ya Wasamburu na Waturkana, watu wa mifugo. Akiba ya nyumba haiko benki, iko zizini. Tuseme mzee ana watoto watano. Akiwapeleka shule wote, kiangazi kikija hakuna wa kuhama na ng'ombe kutafuta malisho, na ng'ombe asiye na mchungaji hufa au huibwa. Asipompeleka hata mmoja, ukame ukipita na zizi, nyumba nzima haina mtu wa mshahara. Basi huwagawa: wawili shule, watatu malishoni. Watu wa mjini huita hili ujinga. Mimi naliita bima, na huenda mzee huyo anapiga hesabu kuliko wengi wetu tuliosoma.

Sasa tazama karo inatoka wapi. Mbuzi anayeuzwa soko la Oldonyiro ili mmoja anunuliwe sare na godoro la bweni ni mbuzi wa nyumba nzima, na aliyemchunga ni yule ndugu ambaye hakwenda shule. Msomi akipata kazi, wote wanapona. Kati ya 2020 na 2023, mvua ilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo, nyumba yenye mwalimu au muuguzi ilikuwa na unga hata zizi lilipobaki tupu. Lakini akirudi na D+ ya kidato cha nne, ilhali mlango wa chuo kikuu unafunguliwa na C+, mbuzi wameshaondoka, cheti hakimpeleki mbali, na uchungaji hakujifunza. Hapo pengo lililokuwa kati ya Kipsing na Nairobi limeingia ndani ya boma moja.

Nalijua pengo hilo. Marehemu baba aliuza mashua nilipoingia chuoni, na kila mtu husimulia habari ya mashua. Hakuna anayesimulia kwamba dadangu mkubwa aliacha shule darasa la saba ili amsaidie mama kukaanga mandazi na viazi karai, na kwamba hela ya karai ndiyo iliyonilipia chakula na nauli miaka yote miwili. Mimi nikaitwa msomi wa familia. Yeye sikumbuki mtu aliyemuuliza kama anataka kuacha.

Wapo watakaosema tatizo hili lilimalizwa na elimu ya bure. Tuangalie historia. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge nambari 10, uliosema fedha za maendeleo ziwekwe kwanza mahali zitakapozaa haraka, penye mvua, ardhi nzuri na barabara. Isiolo ikabaki nje. Mwaka 1971 Rais Jomo Kenyatta akafuta karo katika wilaya zenye mazingira magumu. Isiolo ilikuwemo, na Lamu na Tana River zikiwemo pia. Baadaye madarasa ya chini yakawa bure nchi nzima, lakini shule zikaanza kudai pesa za ujenzi, na watoto wengi wakarudi nyumbani. Rais Kibaki akafuta karo ya msingi tena mwaka 2003. Kila mara kinachofutwa ni ada. Mchungaji wa kushika nafasi ya mtoto hakufutwa, wala mwendo wa kwenda shule, wala maji ambayo msichana lazima ayachote kwanza ndipo aende darasani.

Ndiyo maana Katiba ya 2010 inanipa moyo kidogo. Kifungu cha 204 kilianzisha Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahauliwa. Shule haikutajwa kwa jina, na wengine hulalamika. Mimi naona kisima karibu na Kipsing kinaweza kujaza darasa kuliko darasa jipya, na chakula cha mchana shuleni wakati wa ukame kuliko hotuba kumi. Kaunti kumi na nne ziliingizwa katika orodha ya kwanza. Isiolo imo, na humo humo zimo Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kwa Pwani yetu ni Mombasa tu iliyobaki nje.

Tunaunganishwa pia na LAPSSET, mradi uliozinduliwa Lamu Machi 2012. Katika mipango yake, mji wa kitalii wa Isiolo umekusudiwa kujengwa huko huko Kipsing. Lamu sisi tumeshaonja. Serikali iliahidi kufadhili mafunzo ya vijana 1,000, jambo jema, lakini gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka wa uzinduzi alikuwa hajamaliza hata sekondari. Kazi haimngoji mtu asome. Hoteli zikijengwa Kipsing bila vijana wa pale wenye vyeti vya upishi, umeme na uhasibu, watapewa kulinda geti.

Na tusimpigie kelele MCA pekee. Kaunti ina chekechea na vyuo vya ufundi. Mwalimu wa msingi na sekondari huletwa na TSC, Nairobi.

Kuna jambo moja Wasamburu wametutangulia. Wana madarasa ya jioni ya wachungaji, yanayoitwa lchekuti: mtoto aliyeshinda na mbuzi husoma wakisharudi zizini. Huko, aliyelipia karo ya nduguye naye hupata herufi zake. Sisi tuna madrasa karibu kila mtaa, na nyingi baada ya Isha zimefungwa kufuli. Nilipomsomea dadangu makala haya kabla sijayatuma, alikaa kimya, kisha akaniuliza kama darasa kama hilo likija mtaani lingeanza saa ngapi, maana Magharibi yeye huwa bado ana karai motoni.