Punda Milia Aliyeonekana Mara Mbili

Mwishoni mwa Januari 2016, makumi ya magari yalitawanyika katika nyika za Isiolo, Samburu, Laikipia, Marsabit na Meru. Ndani walikuwamo wanasayansi, walinzi wa hifadhi za jamii, wanafunzi na raia wa kawaida, kila gari na kamera yake. Walimtafuta punda milia wa Grevy, mwenye mistari myembamba, tumbo jeupe na masikio mapana ya mviringo. (Grevy alikuwa rais wa Ufaransa aliyezawadiwa mmoja kutoka Uhabeshi mwaka 1882.) Katika miaka ya 1970 punda hao walikadiriwa kufika 15,000, sasa dunia nzima ina takriban 3,000, na wengi mno wako kaskazini mwa Kenya.

Agizo lilikuwa jepesi: piga picha ubavu wa kulia, Jumamosi na Jumapili. Mistari ya kila mnyama ni yake peke yake, kama alama za vidole, na programu ya kompyuta huitambua.

Utamu uko kwenye hesabu. Tuseme Jumamosi wamepigwa picha punda 100 na Jumapili 100, na kati ya hao wa Jumapili 50 walishaonekana jana yake. Basi Jumamosi mlifikia nusu ya kundi lote, nalo lina punda 200. Wakijirudia 20 tu, mlifikia moja ya tano, na kundi ni 500. Kwa hiyo dereva anayempita punda wa jana ili atafute mpya wa kujivunia, haongezi chochote ila uongo: idadi ya taifa inavimba kwa sababu yake. Kwa mtu wa takwimu, aliyeonekana mara mbili ndiye mwenye thamani. Hesabu ile ya 2016 ilitoa makadirio ya punda 2,350, na iliporudiwa mwaka 2018, 2,812.

Wanasaikolojia wamekuwa wakilichambua jambo hili, la kutafuta kujivunia badala ya kuitumikia kazi, tangu miaka ya 1980, Carol Dweck wa Marekani akiwa miongoni mwao. Wanatofautisha lengo la kujifunza, yaani kuielewa kazi, na lengo la kuonyesha umahiri, yaani kuonekana bora kuliko wengine. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Marijn Poortvliet walionyesha kwamba anayelenga kuwapita wenzake huwapa habari kwa ubahili kuliko anayelenga kuboresha kazi yake mwenyewe. Si lazima awe mtu mbaya. Ni lengo alilopewa.

Ruth Kanfer na Phillip Ackerman waliligusa jambo hilo kwa upande mwingine mwaka 1989. Kurutu wa jeshi la anga la Marekani waliongoza ndege za kuigiza kwenye kompyuta. Waliowekewa alama mahususi za kufikia wakiwa bado wanapapasa waliboronga. Shabaha hiyohiyo, ikija baada ya kazi kueleweka, iliwasaidia.

Nzige walipoivamia Isiolo mapema 2020, Kenya ilikuwa haijaona uvamizi mkubwa hivyo kwa miaka 70, kwa hiyo karibu kila mtu alikuwa kurutu. Kuna la kujua kabla ya kunyunyiza: nzige wa rangi ya waridi bado ni wachanga, wa njano wamekomaa na watataga, na kundi hupatikana alfajiri likiwa limetua, kabla jua halijalipasha likaruka. Mkuu wa kikosi anayeuliza hekta ngapi zimenyunyizwa kabla ya watu wake kuyajua hayo ataletewa hekta. Nina wasiwasi uleule na mikataba ya utendakazi iliyoingia serikalini Kenya mwaka 2004: hudai tarakimu bila kuuliza kama kazi imeshaeleweka.

Lakini kujifunza kwa warsha zisizokwisha nako ni ugonjwa, na Isiolo inazijua warsha. Mwaka 2003 Stuart Bunderson na Kathleen Sutcliffe walipima timu za wasimamizi wa kampuni moja kubwa ya Marekani. Kujifunza kulizinufaisha hadi kiwango fulani. Kulipozidi, matokeo yalishuka, hasa kwa timu zilizokuwa tayari zinafanya vizuri. Mpiga picha aliyerudi kuhesabu punda milia mara ya pili hahitaji tena kuelezwa ubavu wa kulia ni upi. Huyo mpe eneo lake na saa ya kuanza.