Kabla ya kukatiza safari kwa sababu ya kuku

UKIWA safarini kuelekea Kitale au Bungoma, hukosi abiria wa kukusifia hoteli moja ya mtaani. "Ukiondoka bila kula kuku wao, hujafika," atakuambia. Nawe una watoto, mizigo na nauli ya kuhesabu. Je, ushuke?

Kwanza, msomaji, elewa kwamba sifa za jirani si mahitaji ya msafiri. Jirani huijaza hoteli kwa sababu iko karibu na kazi yake, hukopeshwa hadi mwisho wa mwezi na anajua saa ambayo chakula hupakuliwa kikiwa moto. Wewe huna hata moja kati ya hayo. Kwa hivyo jiulize: hapo kuna nini ambacho sitakipata kwetu?

Sehemu hizi zina jibu. Bungoma ni nyumbani kwa Wabukusu, na kuku wa kienyeji, yaani ingokho, ndiye heshima ya mgeni. Huliwa kwa ugali wa wimbi, pamoja na mrenda au kunde zilizolainishwa kwa munyu, ile chumvi ya asili inayochujwa kutoka kwa majivu. Ukivipata hivyo mezani, safari imelipa. Lakini ukiletewa chipsi na kuku wa gredi, hivyo viko hata Nairobi.

Utamtambuaje kuku wa kienyeji? Mifupa yake ni migumu na nyama yake hukaza. Tena huchukua zaidi ya saa moja kuiva. Akiletwa kwa dakika kumi, uliza alipikwa lini. Kupikwa mapema si kosa, mradi alihifadhiwa vizuri na amepashwa moto sawasawa.

Pili ni muda, kwani makanga hamngojei mtu. Mjini Kitale waweza kuagiza chakula, kisha ukawapeleka watoto kwenye makumbusho, ambayo chanzo chake ni mkusanyiko ambao Luteni Kanali Hugh Stoneham aliufungulia umma mwaka 1926. Watajifunza huku chungu kikitokota. Mjini Bungoma, hasa ikiwa unaunganisha gari la Malaba, ingia kabla ya wafanyakazi kutoka kwa chakula cha mchana.

Tatu, usafi na bei. Kabla ya kuketi, tazama mahali pa kunawia: pana maji yanayotiririka na sabuni? Sheria inawataka wanaoshughulikia chakula wapimwe afya, hivyo si utovu wa adabu kuulizia cheti. Kisha uliza bei ya kuku mzima, nusu na robo kabla ya kuagiza. Bei isiyoandikwa huweza kupanda mgeni anapoonekana na begi.

Ukiwa na saa mbili, bei unaijua, pahali ni safi na kuku ni wa kienyeji, shuka ule. Kimoja kikikosekana, nunua ndizi mbivu dirishani na uendelee na safari. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye ana haki ya kushiba bila kuachwa na gari.